Senti za Tundu

Mwaka benki ilipotangaza kwamba senti za zamani
hazitanunua tena hata kiberiti,
babu Tibamanya alikuwa na kopo zima chini ya kitanda,
chenji ya miaka ya kuuza tumbaku,
na nyumba isiyo na paa.
Hakulia. Alipanda ngazi na nyundo,
akapitisha misumari kwenye matundu, senti kwa senti,
akapigilia mabati.

Ndiyo maana wafalme wa Uingereza
niliwajua kwanza kwa vidole,
nikitambaa juu ya bati la moto pale Bulindi
na kijiti cha lami mkononi:
Edwadi wa Saba, Joji wa Tano, Joji wa Sita na binti yake,
kila mmoja jina limezunguka tundu,
taji juu, kichwa cha msumari katikati,
na upande wa pili, kifudifudi, pembe za ndovu
zisizoonwa na mtu tena.

Nyanya Kabasinguzi aliuliza kutoka chini:
"Umefika kwa nani?"
"Joji wa Tano."
"Wa tano! Majina yaliwaisha?
Na empaako yake ni ipi? Nitamsalimuje mtu
asiye na empaako?"
Akawagawia mwenyewe, huku akipepeta ulezi:
Joji huyu awe Araali, yule Apuuli,
binti awe Abwoli kama mimi.
Okaali hakumpa yeyote. Hilo lina mwenyewe.

Shuleni Mwalimu Isingoma alitukaririsha orodha
tangu Wiliamu aliyevuka maji na wapiga mishale;
Yohana aliyebanwa na mabwana wake kando ya mto
hadi akakiri kwamba hata mfalme ana mpaka;
Henri na wake sita;
Chalesi aliyetoka dirishani kwenda kufa
amevaa mashati mawili,
asije akatetemeka kwa baridi watu wakaona hofu.
Ukikosea mwaka, fimbo moja. Ukiruka mfalme, mbili.
Mimi nilimruka Stefano.
Namkumbuka hadi leo kwa mapaja.

Jioni nikamsimulia nyanya ya mashati mawili.
Ungo ukatulia.
"Walimkata kichwa? Wao wenyewe, wa kwao?"
"Ndiyo."
"Halafu wakaja hapa kutufundisha kupiga magoti."

Kisha akasema, si kwangu hasa,
kwamba wetu walimwinda miaka,
risasi ikamla mkono,
wakamvusha bahari hadi Ushelisheli,
na walipomruhusu kurudi, mzee, akafia Jinja
kabla hajaiona Bunyoro.
"Hana senti yenye jina lake.
Basi na yeye hakuna aliyempigilia msumari."

Masika yale paa lilivuja mahali pamoja, juu ya mtungi.
Nilipanda, nikasugua kutu kwa mchanga.
1936. Edwadi wa Nane.
Huyu, alisema mwalimu, aliacha kiti kabla ya kuvikwa taji,
ila senti zilikwisha kupigwa.
"Aliondoka mwenyewe?" nyanya akauliza. "Bila bunduki?"
"Kwa ajili ya mwanamke."
Alicheka mpaka akashika nguzo.
"Usimpake lami. Mwache.
Aliyeshindwa na kiti ataliweza bati?"

Nyanya hayupo sasa.
Malori ya mafuta yanashuka ziwani usiku kucha,
nyumba inatetemeka, misumari inalegea.
Juzi alikuja kijana kutoka Kampala, viatu safi,
akazihesabu senti kwa darubini:
atanipa mabati mapya, achukue wafalme.
Nilimwambia nitafikiri.

Mvua imeanza. Nimeweka sufuria chini ya Edwadi.
Tone. Tone.
Karibu na alfajiri nasikia jingine,
upande wa chumba cha nyanya;
sijui ni Joji yupi.